Jinsi ya kuandika maelekezo mtu akayafuata bila kukupigia simu

Pampu ya nyumbani kwetu Makorora iliungua kwa sababu ya sentensi yangu. Nilikuwa naenda Muheza siku tatu, na kabla ya kuondoka nikamwachia shangazi karatasi nimeibandika ukutani karibu na swichi, mwandiko mzuri kabisa, herufi kubwa tupu: WASHA PAMPU IJAZE TANKI ILA KABLA YA HAPO HAKIKISHA UMEIJAZA MAJI NA UMEFUNGUA KOKI, IKIJAA ZIMA. Siku ya pili asubuhi simu inaita, hata shikamoo hakuisubiri, "Mwanangu, hii pampu inanuka."

Nikamuuliza amefanyaje. Akaniambia karatasi yako nimeisoma vizuri tu, umeandika washa pampu, nikawasha. Akawa anaendelea kusoma huku pampu inanguruma, akafika penye "kabla ya hapo", akawa hajui sasa arudi nyuma au aende mbele, akaona bora aende mbele, na alipofika kwenye "ikijaa zima" akavuta kigoda akakaa anasubiri ijae. Ijae nini? Mi nilikuwa nawaza tanki. Yeye anasubiri pampu ijae, na ukisoma ile sentensi kwa haki Kiswahili kipo upande wake, ningetaka tanki ningeandika likijaa. Sasa pampu ya kuvuta maji kisimani ikizunguka bila maji ndani inapata moto, ile sili inaungua, basi tena. Fundi alipoifungua akacheka, akasema mzee hapa hamna pampu hapa kuna kumbukumbu.

Mi kazi yangu ni steshenari huku Ngamiani kwenye barabara za namba, watu wanakuja kuprinti na kutoa kopi kila kitu, na nusu ya karatasi zinazopita mkononi mwangu ni maelekezo: namna ya kutumia hita ya gesti, namna ya kuchanganya dawa ya mifugo, namna ya kujiunga na kikoba, mapishi ya bibi harusi. Nyingi zina ugonjwa ule ule wa karatasi yangu, zimepangwa kwa jinsi mwandishi alivyokumbuka, yaani jambo likimjia kichwani analitupia hapo, wakati anayesoma anataka zifuate mikono yake, mkono ukimaliza hiki unashika kipi. Hilo ndo jambo lenyewe, yanayofuata hapa chini yote ni namna ya kulifanya.

1. Kafanye hiyo kazi kwanza, usikae mezani

Usiandike kwa kukumbuka. Nenda ulipo mtambo, au jikoni, au shika simu yenyewe, kisha fanya kazi mwanzo mpaka mwisho polepole kama umelogwa, na kila mkono wako unapofanya kitu useme kwa mdomo huku simu inarekodi. "Nashika kizibo, nakizungusha, kigumu, nachukua spana, nimekitoa, nakiweka juu ya tofali kisipotee." Ukimaliza sikiliza ile rekodi ndo uandike.

Utashangaa. Nilipoirudia ile kazi na pampu mpya nikajikuta naweka kiganja juu ya bomba. Kumbe miaka yote nikiwasha pampu naweka kiganja pale nasikilizia kama linatetemeka na kupoa, likipoa najua maji yanapita, na sijawahi kumwambia binadamu yeyote kwa sababu hata mwenyewe sikujua kama nafanya. Kwenye karatasi ya shangazi haikuwepo. Mtu aliyezoea kazi ndo mwandishi mbaya kuliko wote mpaka ajikamate mikono yake mwenyewe.

2. Jua anasoma akiwa wapi

Watu wanashauri umjue msomaji wako, sawa, lakini mi naona la kujua zaidi ni yuko katika hali gani wakati anasoma. Shangazi anajua kusoma kuliko mimi, Kurani anaimaliza, ila pale kwenye pampu miwani ipo ndani, mkono mmoja umeshika ndoo, na ukutani hapana mwanga. Anayesoma mapishi vidole vina unga. Anayesoma namna ya kuingiza umeme wa LUKU yuko gizani na simu imebaki chaji asilimia sita. Hakuna anayesoma maelekezo amekaa na kahawa na kashata mbele yake, anayasoma kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, anachungulia mstari mmoja, anaenda kufanya, anarudi kutafuta alipoishia.

Kwa hiyo kila hatua iwe na namba na mstari wake, kusudi jicho likirudi lipaone. Na achana na herufi kubwa kote kote, nilidhani zinasomeka zaidi kumbe maneno yote yanakuwa maboksi yanayofanana. Herufi kubwa ziwekee neno moja tu la hatari.

LUKU wenyewe wanajua hili jambo. Tokeni ni tarakimu 20, zingekuja zimebanana kama treni nani angeziingiza gizani bila kukosea? Mara nyingi utaziona zimekatwa nne nne, mafungu matano, unasoma fungu unabonyeza, unasoma lingine. Ukiandika maelekezo yenye namba ndefu, iwe akaunti au namba ya malipo, zikate hivyo hivyo.

3. Juu kabisa: kazi gani, na vitu gani awe navyo

Hapa fupi tu. Kichwa kitaje kazi yenyewe: "Kujaza tanki la uani", sio "Maelekezo muhimu". Chini yake vitu vya kuwa navyo mkononi kabla hajaanza, spana, ndoo ya maji, tochi. Ukimtajia spana kwenye hatua ya nne wakati mikono imelowa, karatasi yako anaichukia hapo hapo. Taja na muda, kazi ya nusu saa mtu asiianze dakika tano kabla ya magharibi.

4. Kitenzi kiwe cha mkono

Hapa tukae kidogo, maana ndipo karatasi nyingi zinapofia. Kiswahili chetu kina vitenzi vinavyofanya kazi tano kwa mshahara mmoja. Chukua *funga*. "Funga koki" mmoja atazungusha maji yasitoke, mwingine atadhani kuna koki mpya ya kwenda kupachika, kwani fundi si anafunga feni, anafunga soketi? *Fungua* ndo balaa zaidi, "fungua pampu" kwa mtu wa nyumbani ni maji yaanze kuja, kwa fundi ni kuchukua spana na kuitawanya vipande vipande. *Toa maji kwenye tanki*, ayamwage au ayachote? *Kata*: unakata kulia, unakata simu, unakata waya.

Dawa yake ni kuandika kile mkono unachokifanya na jicho linachokiona. Badala ya "fungua koki" andika "zungusha mkono wa koki mpaka ulale sambamba na bomba". Zile koki za mkono mrefu ziko hivyo, mkono ukilala na bomba maji yanapita, ukikingama yamezuiwa, na hapo hata mtu ambaye hajawahi kuiona hakosei. Vitenzi vizuri tunavyo vya kumwaga: chomeka, chomoa, kaza, legeza, bonyeza, mimina, chuja, inua, sukuma, bandika, epua. Hivyo havina njia ya pili.

Halafu kitu kikishapata jina usikibadilishie. Kama juu umesema swichi usije kuiita kitufe kwenye hatua ya tatu na batani kwenye ya tano eti unakwepa kurudia neno. Shuleni tulifundishwa kurudia ni umaskini wa lugha, kwenye insha sawa, humu msomaji akikutana na jina jipya anaanza kutafuta kitu kipya.

Na amri iwe amri. Najua inatuwia vigumu, utamwandikiaje shangazi yako "washa, zima, toka", unaona kama unamkaripia, ndo maana tunajificha kwenye "inatakiwa iwashwe" na "koki iwe imefunguliwa", imefunguliwa na nani sasa? Adabu iweke mara moja tu pale juu, "Shikamoo shangazi, naomba ufuate hatua hizi moja moja", ukishamaliza heshima shuka na vitenzi vitupu. Hatokasirika. Kinachomkasirisha ni pampu kunuka.

Hatua moja kitendo kimoja, labda viwili kama ni pacha, "mimina ukoroge". Angalia menyu ya kutuma pesa, Watanzania tumeanza na M-Pesa tangu 2008 na mabibi wasiojua hata kuhifadhi namba kwenye simu wanaimudu, kwa nini? Kila skrini inauliza jambo moja, unajibu, inakuja nyingine. Sio kwamba walioiandika walikuwa na hekima kutuzidi, ujumbe wa menyu zile haubebi zaidi ya herufi 182, kwa hiyo ufinyu wenyewe ndo ulowalazimisha. We jifanye una herufi 182.

5. Tazama ile "i-"

Hili silioni likisemwa na linaumiza watu. Maneno ya vifaa mengi tumeyapokea na yote yameangukia ngeli moja: simu, betri, laini, pampu, swichi, waya, mashine. Sasa ukiandika "Zima simu, toa betri, chomoa laini, ifute na uirudishe", ifute ipi? Zote ni i-. Kama sentensi moja ina vitu viwili vya ngeli moja acha kiambishi peke yake, rudia jina: "futa laini, rudisha laini". Inachosha kuandika, haichoshi kufuata. Ukiwa na bahati ya ngeli tofauti, kizibo na pampu, basi "kikaze" inajitosheleza. Ila msomaji anayesema "tanki imejaa", na mtaani tupo wengi tunaosema hivyo, hawezi kukuokoa na likijaa wala ikijaa. Taja tanki.

6. Sharti mbele, onyo kabla ya mkono kufika

"Zima swichi ukisikia mlio mkali." Akifika kwenye neno zima ameshazima. Geuza: "Ukisikia mlio mkali, zima swichi." Kiswahili kinapenda hivyo hata kwenye mazungumzo, ukifika sokoni ninunulie dagaa, sijui kwa nini tukishika kalamu tunaanza mkiani. Na maneno "kabla ya hapo" na "lakini kwanza" ukiyaona kwenye karatasi yako jua kuna hatua imekaa siyo mahali pake, ihamishe juu, usiifunge kamba.

Onyo la hatari likae juu ya hatua yenyewe. "Futa mikono ikauke" iende kabla ya "washa swichi". Makatazo nayo yana ujanja wake, "uzime" na "usizime" zinapishana silabi moja tu, jicho la haraka linairuka. Ukiweza sema cha kufanya, "acha swichi ikiwa imewaka", na kama lazima ukataze basi mpe sababu kwa maneno machache: "Usiwashe pampu kabla ya kuijaza maji, itaungua." Mtu akijua kinachoungua anakumbuka.

7. Vipimo na saa

Bibi yangu alikuwa anapika mkate wa kumimina ambao mpaka leo sijaonja unaoufikia. Siku dada anaolewa tukamwomba atuandikishe, mi nikawa karani. Akasema: "Loweka mchele, saga na tui, tia sukari kiasi, hamira kiasi, iliki, acha iumuke, choma." Kiasi. Nikamuuliza bibi kiasi gani, akanijibu kiasi chake.

Ilibidi tukae naye jikoni siku nzima, kila anapochota nakidaka kile kikombe napima. Ikatoka hivi: mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko. Vinasagwa vyote mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga. Halafu "acha iumuke", nikauliza saa ngapi, akasema hilo halina saa, likiwa jua kali limewahi na ikiwa kusi limechelewa. Hapo alikuwa sahihi kabisa na mi ndo nilikuwa mjinga, saa nzima ya mwezi wa Januari Tanga sio saa nzima ya mwezi wa Julai. Tukaandika: "Funika. Subiri mpaka juu kujae mapovu na bakuli lipande karibu mara mbili. Siku ya joto ni kama saa moja." Yaani alama ya macho ndo bwana, muda ni wa kumsindikiza. Kuchoma nako, moto wa chini mdogo, makaa mengi yawe juu ya mfuniko, akaniambia andika "utajua umeiva". Nikamkatalia. Tukaweka: "Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua."

Kipimo kiwe cha kitu ambacho mtu anacho. Kibaba na pishi bibi zetu walivijua, mjukuu wa leo hana, ana kikombe cha chai, na vikombe navyo havifanani, kwa hiyo sema "kikombe kile kile kwa vyote", uwiano ukibaki sawa mkate unakubali. Kuna mahali ambapo uwiano hautoshi. Pakiti ya kawaida ya ORS inachanganywa na maji safi lita 1 na inatumika ndani ya saa 24, ukimwandikia mzazi "chupa moja kubwa" umekosea, maana dukani chupa kubwa mara nyingi ni lita 1 na nusu, dawa imekuwa nyepesi. Andika "chupa 2 za nusu lita, zijae", na mwambie asome pakiti kwanza, kuna pakiti zilizopimwa kwa maji pungufu.

Sasa saa. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawana hili tatizo. Ukiandika "kila saa 8" umesema mambo mawili kwa mpigo: kila zikipita saa nane, au kila ikifika saa nane mchana. Jirani yangu alimpa mtoto dawa mara moja kwa siku, saa nane mchana bila kukosa hata siku moja, mama mwaminifu kweli, na kwenye daftari ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo. Watu ndo maana wanasema masaa nane, walimu wa Kiswahili wananuna, mi kwenye maelekezo siwalaumu. Ila bora zaidi ni kutaja saa zenyewe: "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku". Hapo zimepishana sawasawa na hakuna hesabu. Na ile alama ya 1x3 kwenye bahasha ya dawa, wewe unajua ni kidonge kimoja kutwa mara tatu, mtu mwingine aliyesoma hesabu anajua moja mara tatu ni tatu, anavimeza vyote pamoja. Kama we ndo unayemwandikia mzee nyumbani, muulize mfamasia kisha andika kwa maneno na saa.

Na usiandike 8:00 bila kusema asubuhi. Huku utaletewa mtu saa nane.

8. Mwambie ataonaje kwamba imekubali

Baada ya hatua yoyote inayoweza kugoma, weka alama. "Utasikia maji yanaanguka ndani ya tanki." "Utapokea meseji yenye jina la uliyemtumia." Bila hiyo mtu anakaa na wasiwasi, anarudia, na kurudia kwingine kunagharimu, hasa kwenye pesa. Kisha mpe na njia ya kurudi: "Dakika 2 zikipita hujasikia maji, zima swichi, rudi hatua ya 1." Usimrundikie matatizo kumi na tano yanayoweza kutokea, yale mawili unayoyajua yanatokea kila wiki yanatosha.

9. Sasa punguza

Kufupisha ni mwisho, sio mwanzo. Alikuja mteja mwenye gesti maeneo ya Raskazone na karatasi ya hita, imeandikwa: "Mteja wetu mpendwa, kwa ajili ya kuweza kupata huduma ya maji ya moto unatakiwa kuhakikisha kwamba unawasha swichi ya hita iliyopo nje ya mlango wa bafu kwa muda usiopungua dakika kumi na tano kabla ya kuanza kuoga na pia tunaomba usisahau kuzima pindi unapomaliza zoezi hilo." Zoezi hilo, jamani, mtu anaoga.

Nikaanza kukata. "Maji ya moto. 1. Washa swichi nyekundu iliyo nje ya mlango wa bafu. 2. Subiri dakika 15." Nikafika kwenye kuzima nikasita, nikamuuliza bosi, hivi wanazima kabla ya kuingia kwenye maji au wakishatoka? Akanitazama. Akasema kabla, kabla bwana, kwa usalama. Lakini karatasi yake ilikuwa inasema ukimaliza, na imekaa ukutani sijui muda gani. Yale maneno mengi yalikuwa yamelifunika hilo. "3. Zima swichi. 4. Oga."

Ya kukata bila huruma: *hakikisha* (hakuna mkono unaohakikisha, sema afanye nini), *kwa ajili ya kuweza*, *zoezi la*, *pindi*, *suala zima la*, na historia ya kifaa ulikinunua wapi. Usiyokata: namba, rangi, upande, ipi kati ya mbili, na ile alama ya kukubali. Wengi wanakata hizo kwanza kwa sababu zinaonekana vitu vidogo, halafu "mteja mpendwa" anabaki.

10. Ukituma kwa WhatsApp

Picha nzuri ni ile inayoonyesha mkono ukiwa kwenye kitu, sio picha ya mtambo mzima mtu atafute mwenyewe. Andika namba ya hatua juu ya picha, maana zikitumwa kumi zinachanganyika na mtu akizihifadhi ndo kabisa. Voice note inafaa kumtuliza mtu, haifai kufuatwa, hawezi kurudi kwenye hatua ya tatu bila kusikiliza salamu zako upya.

11. Mpe mtu karatasi, wewe funga mdomo

Tafuta mtu asiyeijua hiyo kazi, mpe karatasi, simama nyuma yake, usiseme kitu. Ni ngumu kuliko unavyofikiri. Mi nilimchukua kijana wa jirani anayeendesha bajaji, nikampa karatasi mpya ya pampu, akasoma, akaenda moja kwa moja kwenye koki ambayo siyo. Tunazo mbili pale, moja ya bustani. Ulimi ukawa unaniwasha nimwambie sio hiyo, nikajing'ata. Akaizungusha, akasubiri, akasoma tena, akanitazama, nikaangalia juu kama nahesabu minazi. Nikaandika: koki ya BULUU. Ukimsaidia kwa mdomo umejifunza kwamba yeye mzito, ukinyamaza unajifunza kwamba karatasi mbovu. Akiuliza swali usimjibu, liandike, jibu lake liingie kwenye hatua. Watu wawili wanatosha kwa kazi ya nyumbani, kwa dawa au umeme tafuta zaidi na mtaalamu apitie.

Karatasi iliyopo ukutani sasa ni hii, shangazi anaitumia na mi nimeenda Pangani na kurudi hakuna aliyenipigia:

*Shikamoo shangazi. Kujaza tanki la uani, nusu saa hivi. Shika ndoo ya maji, spana na kitambaa.*

*1. Angalia swichi ya ukutani, iwe imezimwa.*
*2. Legeza kizibo cha juu ya pampu kwa spana. Kitoe.*
*3. Mimina maji kwenye tundu la kizibo mpaka yafurike. Pampu ikiwaka bila maji inaungua.*
*4. Rudisha kizibo, kikaze.*
*5. Zungusha mkono wa koki ya BULUU mpaka ulale sambamba na bomba.*
*6. Futa mikono ikauke.*
*7. Washa swichi. Weka kiganja juu ya bomba, litapoa na kutetemeka.*
*8. Dakika 2 zikipita bomba halijapoa, zima swichi, rudi namba 2.*
*9. Maji yakianza kumwagika kutoka juu ya tanki, zima swichi.*
*10. Zungusha mkono wa koki ya buluu mpaka ukingame.*

Chini yake ameongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu: *11. Ndoo ya kujazia pampu isifuliwe nguo. Nimesema.*